Miguu ya Muuguzi na Sheria ya Viatu

Mkulima ambaye kila siku ya soko hutembea kilomita kumi kwenda na kumi kurudi, tena na mzigo mgongoni, huenda akatabasamu akiambiwa ya kuwa binti yake aliye muuguzi hospitalini hulia miguu kila jioni. Atauliza: Je, si huyu aliyekwenda shule pekupeku miaka minane, akipanda kilima na kushuka, wala hakunung'unika hata siku moja? Sasa anafanya kazi chini ya paa, juu ya sakafu iliyo sawasawa, na viatu vizuri miguuni. Maumivu haya yametoka wapi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake si uvivu wala si madaha ya mjini.

Huko Marekani wataalamu walipima mwendo wa wauguzi katika hospitali 36, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2008. Waliona ya kuwa katika zamu ya mchana ya saa kumi, muuguzi wa kati na kati hutembea karibu kilomita tano. Aliyetembea kidogo kuliko wote alipata kilomita moja na nusu hivi, na aliyetembea sana alifika nane. Kwa mtu wa shamba kilomita tano si kitu. Kwa hiyo umbali peke yake hauwezi kuwa ndio mkosaji. Kosa liko katika mambo yafanyikayo baina ya mwendo na mwendo, yaani kusimama.

Moyo huipeleka damu mpaka vidoleni, lakini kuirudisha juu ni kazi inayotegemea sana misuli ya shavu la mguu. Kila mtu apigapo hatua, misuli hiyo hujikaza na kuibana mishipa ya damu, kama mkono wa mkamuaji ubanavyo chuchu ya ng'ombe, na damu hupanda. Muuguzi anaposimama dakika ishirini kando ya kitanda akifunga kidonda, au saa tatu katika chumba cha upasuaji akimpa daktari vyombo, mkono ule hauminyi tena. Damu na maji hukusanyika chini, miguu huvimba, na kiatu kilichomtosha saa moja asubuhi huwa kimembana ifikapo saa tisa mchana.

Tena kuna sakafu. Njia ya udongo hubonyea kidogo ikanyagwapo, na hapana hatua mbili zilizo sawa: hapa jiwe, pale nyasi, mbele mteremko. Mguu, ambao una mifupa 26 kuanzia kifundo kwenda chini, hupata kujigeuza namna nyingi, na mzigo wa mwili huhamahama kutoka sehemu moja hata nyingine. Saruji haibonyei. Hurudisha kila pigo mahali palepale pa kisigino na palepale chini ya vidole, mara elfu kadhaa kwa siku.

Jambo la tatu ni kiatu chenyewe. Mguu uliokua bila viatu hupanuka upande wa mbele, na vidole hutawanyika kama vya mkono uliofunuliwa. Katika Bara Hindi madaktari walichungua nyayo za watoto 2,300, na mwaka wa 1992 wakaeleza ya kuwa miongoni mwa watoto waliovaa viatu karibu tisa katika kila mia walikuwa na nyayo bapa, lakini miongoni mwa wale waliokwenda pekupeku hawakufika watatu katika mia. Hiyo si hoja ya kuwarudisha watoto wetu katika funza na miiba. Huonyesha tu ya kuwa kiatu huufinyanga mguu, kama kibuyu kichanga kilichofungwa kamba kikakua kwa umbo la kamba. Na mguu mpana, uliozoea uhuru, ndio utiwao katika kiatu chembamba cheusi kwa saa nyingi, kwa sababu sheria ya hospitali imesema hivyo.

SABABU ZA SHERIA

Hospitali nyingi za Kenya, ziwe za serikali, za misheni au za watu binafsi, zina sheria ya viatu ambayo muuguzi huijua tangu siku za kwanza za masomo yake. Maneno hutofautiana mahali na mahali, lakini kiini ni kimoja. Kiatu kiwe cha ngozi. Kiwe cha rangi moja, aghalabu nyeusi, pengine nyeupe au ya kahawia. Kifunike vidole na kisigino. Kisigino kisiwe kirefu. Soli isipige kelele. Ndara, viatu vya wazi na raba za michezo hukatazwa.

Sheria hii haikutungwa kwa chuki. Florence Nightingale, yule Mwingereza ambaye shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas mjini London mwaka wa 1860, aliandika katika kitabu chake cha Notes on Nursing ya kuwa mlio wa viatu na mchakacho wa nguo za muuguzi humdhuru mgonjwa aliyelala. Aliyewahi kulazwa wodini usiku, akasikia visigino vikigonga sakafu kutoka mlango huu hata ule, hatabishana naye.

Baadaye chumba cha upasuaji kilikuwa na hofu yake ya peke yake. Etha, dawa ya kumlaza mgonjwa iliyotumika sana siku hizo, hushika moto upesi. Cheche moja ya ule umeme ukusanyikao katika nguo na viatu iliweza kuleta mlipuko. Kwa hiyo watu wa chumba hicho walivaa viatu vya soli za namna maalum, zilizoupitisha umeme huo mpaka sakafuni. Dawa zisizoshika moto, kama halotheni iliyoanza kutumiwa mwaka wa 1956, ziliiondoa hofu hiyo polepole.

Sababu zilizo hai hata leo ni nyingine. Sindano iliyotumika huanguka. Makasi huponyoka. Damu na majimaji ya mwili humwagika, nayo yaweza kuwa na virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini, na ngozi ya kidole iliyochubuka ni mlango uliofunguliwa. Klorini ya kusafishia huchoma. Gurudumu la toroli lenye mtungi wa oksijeni halichagui kidole. Muuguzi aliyevaa ndara kwa sababu kisigino kinamwuma ameondoa maumivu madogo akakaribisha hatari kubwa, na hapa sheria haina budi kushikwa bila huruma.

Kisha kuna utelezi. Huko Uingereza wafanyakazi zaidi ya 4,500 wa hospitali za serikali waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa viatu vyenye soli ishikayo sakafu vizuri, na nusu wakaendelea na viatu vyao vya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021, yakaonyesha ya kuwa wale wa soli nzuri waliteleza pungufu kwa zaidi ya theluthi. Hospitali inayotaka wauguzi wake wasianguke yaweza kuanza hapo kabla ya kuanza kwenye rangi.

SHERIA MBILI NDANI YA MOJA

Maana mtu akiisoma sheria ya viatu kwa makini, ataona ya kuwa zimo sheria mbili zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza hulinda: vidole vifunikwe, ngozi isipitishe maji, soli isiteleze, kiatu kiweze kuoshwa, kisipige kelele. Ya pili hupamba: kiatu kiwe cheusi, kiwe na ncha nyembamba ya heshima, kisiwe na kamba au kisiwe na kishikizo, kisifanane na cha mkimbiaji. Mapambo nayo yana kazi yake. Mgonjwa humwamini muuguzi aliye nadhifu, na sare humtambulisha katikati ya umati wa jamaa waliokuja kutazama wagonjwa. Lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kupona upesi kwa sababu kiatu cha muuguzi kilikuwa na ncha nyembamba.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa jambo zima. Muuguzi aumwaye miguu, akiiona sheria yote kuwa kitu kimoja, huona njia mbili tu: avumilie, au avunje. Wengi huvumilia. Huficha kuchechemea kwao mbele ya msimamizi kwa kuhofu kuhamishwa au kuambiwa hawafai tena, na wengi wao ndio walipao karo ya wadogo zao nyumbani. Wachache huvunja: asubuhi moja huja na raba za rangi tatu, huonywa mbele ya wenzao, na tangu hapo neno lao juu ya miguu halisikilizwi. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuishika kikamilifu sheria ilindayo, na kuomba kwa adabu nafasi katika ile ipambayo.

Mgonjwa naye ana hasara katika jambo hili. Muuguzi ambaye kila hatua ni kama kukanyaga msumari huanza, bila kukusudia, kuzihesabu hatua. Kitanda cha mwisho karibu na dirisha hufikiwa baadaye kidogo kuliko zamani. Akiitwa, husubiri aone kama mwenzake ataitikia kwanza. Si ubaya wa moyo. Ni mguu unaotoa amri.

MAUMIVU YA KISIGINO

Katika maumivu yote yawapatayo wauguzi, lile la kisigino lastahili kuelezwa kirefu, kwa sababu ni la kawaida na tena hudhaniwa vibaya. Dalili yake haifichiki. Mtu huamka asubuhi, huweka mguu chini, na hatua za kwanza humchoma kisigino kwa chini, kama aliyekanyaga kipande cha gae. Akitembea kidogo hupata nafuu, akadhani amepona. Jioni, baada ya kusimama sana, maumivu hurudi.

Chini ya unyayo, kuanzia mfupa wa kisigino mpaka mwanzo wa vidole, pana ukanda mgumu wa nyuzi ambao huushikilia upinde wa mguu kama kamba ishikavyo uta. Kusimama sana juu ya sakafu ngumu, kiatu kisichoushika upinde huo, uzito wa mwili ulioongezeka, na shavu la mguu lililokazana, vyote huuvuta ukanda huo mahali ulipojishikiza kisiginoni. Usiku mguu ukiwa umelegea ukanda hujikunja, na asubuhi hatua ya kwanza huunyosha kwa ghafla. Picha ya eksirei mara nyingine huonyesha mfupa mdogo mfano wa mwiba, na mgonjwa huogopa akaomba ukatwe. Haifai kuharakisha, kwa maana watu wengi wana mwiba huo wala hawaumwi kamwe.

Tiba yake ni ya subira, na sehemu kubwa haigharimu hata shilingi. Kabla ya kushuka kitandani, mtu aketi, apandishe mguu uumao juu ya goti la pili, avute vidole kwa mkono kuelekea muundi mpaka ahisi unyayo umetanda, ahesabu mpaka kumi, kisha aachie. Afanye hivyo mara kumi, na arudie mara mbili nyingine mchana. Zoezi hilo lilipimwa Marekani, na mwaka wa 2003 ilielezwa ya kuwa waliolifuata majuma manane walipata nafuu ya maumivu ya asubuhi kuliko wale walionyosha kano ya nyuma ya kisigino peke yake. Kunyosha shavu la mguu nako kwafaa: kusimama mbele ya ukuta, mguu uumao nyuma, kisigino chini, na kuegemea mbele polepole. Jioni, chupa ya maji iliyogandishwa katika jokofu, ikafungwa kitambaa na kuviringishwa chini ya unyayo dakika kumi, hutuliza sana.

Watu walio wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kisu. Wako wanaoharakisha kuchomwa sindano kisiginoni. Daktari aweza kuona inafaa, lakini ni vizuri kujua ya kuwa sindano hiyo ikirudiwarudiwa yaweza kuudhoofisha ukanda hata ukakatika, au kuyapunguza mafuta yaliyo mto wa kisigino, na mto huo ukiisha haununuliwi dukani. Kadhalika vidonge vya kutuliza maumivu, ambavyo muuguzi huvipata kwa urahisi kuliko watu wengine, vikimezwa kila siku kwa miezi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Kwa ugonjwa wa mtu mwingine muuguzi hulijua jambo hili vema sana.

Maradhi mengine yaweza kutajwa kwa ufupi. Sugu juu ya vidole na kinundu kando ya kidole gumba huzidishwa na kiatu chembamba mbele, na dawa yao ya kwanza ni kiatu kipana. Kukwangua kwa wembe ni kujitafutia kidonda. Ukucha ukatwe kufuata mstari ulionyoka, usichimbwe pembeni. Moto na ganzi kati ya kidole cha tatu na cha nne mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Mwenye ugonjwa wa kisukari asijaribu plasta za kuchoma sugu wala maji ya moto hata kidogo. Achungue nyayo zake kila jioni kwa macho, kwa kuwa huenda mguu usimwambie kitu. Shavu la mguu mmoja likivimba peke yake, likawa la moto na kuuma, aende kwa daktari siku ileile, kwa maana huenda damu imeganda ndani.

Gambuti nazo zina neno lake. Katika vyumba vya kuzalishia na vya upasuaji mara nyingi huwa mali ya chumba, si ya mtu, na atakayechelewa hupata zile zilizobaki, kubwa mno au ndogo mno, zenye jasho la aliyetangulia. Hapo ndipo fangasi za katikati ya vidole huhama kutoka kwa mtu hata mtu. Gambuti zioshwe, zikaushwe zikiwa zimepinduliwa, na kila mmoja awe na soksi zake kavu za kubadilisha.

KUNUNUA KIATU

Msichana atokaye shule ya sekondari kuingia chuo cha uuguzi aghalabu huja na viatu vyake vya shule, vyeusi vya ngozi, vya kamba. Watu humcheka. Hawajui ya kuwa viatu hivyo mara nyingi vina nafuu kuliko vile vya kuchopeka atakavyonunua baada ya mshahara wa kwanza. Kiatu kisicho na kamba wala kishikizo hushikwa na vidole. Vidole hujikunja mchana kutwa ili kisivuke, na jioni misuli ya unyayo huwa imechoka kama mkono ulioshika jembe bila kuachia.

Kiatu kinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kama itakavyokuwa kazini. Ipimwe miguu yote miwili, kwa wima, huku mtu amevaa soksi za kazi, na kiatu kifuate ule ulio mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Mtu asiamini namba aliyovaa akiwa na miaka kumi na minane. Mguu huongezeka kwa umri, na mwanamke aliyezaa huenda akaona ya kuwa miguu iliyorefuka wakati wa mimba haikurudi tena. Kisha akikunje kiatu kwa mikono. Kikunjike mahali pa vidole. Kikikunjika katikati ya unyayo, au kikisokoteka kama kitambaa cha kupigia deki, hakifai kwa zamu hata kama ni laini mkononi. Sehemu izungukayo kisigino iwe imara. Kisigino chenyewe kiwe na kimo kidogo, cha sentimita mbili au tatu.

Juu ya mitumba yafaa kusema wazi. Kiatu cha ngozi cha mtumba chaweza kuwa kizuri kuliko kipya cha bei ileile, lakini soli yake ya ndani imekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na soli ya nje huenda imelika upande mmoja. Atakayekinunua akiweke mezani akitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, akiache. Kama hakiegemei, akipeleke kwa fundi. Fundi wa viatu wa kando ya barabara, ambaye wengi humwendea kwa kushona tu, aweza kukitanua kiatu kwa kalibu usiku mmoja, kutoboa nafasi ya kinundu upande wa ndani, kuweka soli mpya ya mpira usioteleza, na kukata soli ya ndani ya kuondoleka, yenye kimo kidogo chini ya upinde. Kazi hiyo haionekani kwa nje. Kiatu hubaki cheusi, cha ngozi, kilichofunikwa, na metroni hana la kusema.

Aliye na uwezo awe na jozi mbili, azivae kwa zamu, kwa sababu ngozi iliyolowa jasho haikauki vizuri kwa usiku mmoja. Soksi ndefu za kubana, zinazovaliwa asubuhi kabla miguu haijavimba, huwasaidia sana wale wenye uvimbe na wenye mishipa iliyotokeza. Mwenye kisukari au mwenye damu isiyofika vizuri miguuni amwulize daktari kwanza. Na anaposimama mahali pamoja, muuguzi aweza kuinua visigino mara kwa mara, au kuweka mguu mmoja juu ya kibao kifupi na kubadilisha; mambo hayo madogo huianzisha tena ile kazi ya kukamua iliyosimama.

KUOMBA RUHUSA

Iko miguu ambayo haiwezi kutulizwa na fundi wala soksi, nayo yahitaji kiatu kisicho katika orodha ya hospitali: pengine raba nyeusi ya ngozi, pengine kiatu kipana kilichotengenezwa kwa mgonjwa. Hapo muuguzi ataomba, na namna ya kuomba ina uzito kama ombi lenyewe.

Kwanza apate barua ya daktari au ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, isemayo ugonjwa ni gani, kiatu cha namna gani chahitajika, na kwa muda gani. Pili aitafute sheria yenyewe kama ilivyoandikwa. Mara nyingi kile kiitwacho sheria ni desturi tu ya wodi fulani, isiyopatikana katika karatasi yoyote. Tatu amwendee msimamizi wake faraghani, si wakati wa kupokezana zamu, wala si mbele ya wanafunzi. Aseme kwa mfano: "Sista, naomba dakika chache zako. Nimekuwa nikiumwa kisigino tangu mwezi wa tatu, na hii ni barua ya daktari. Kiatu ninachoomba kuvaa ni hiki. Kimefunika vidole, ni cha ngozi, kinaoshwa, hakitelezi, na ni cheusi kama sare yetu. Naomba kukivaa kwa miezi sita." Amwekee kiatu chenyewe machoni. Msimamizi aliyekuja tayari kukataa raba za rangi tatu ataona mbele yake kitu kingine kabisa. Ombi na jibu liandikwe, ili msimamizi ajaye asianze upya.

Wasimamizi nao, ambao wengi wao waliumwa miguu vilevile miaka thelathini wakanyamaza, waweza kufanya mengi bila kulegeza nidhamu. Waweza kuigawa sheria kama ilivyogawanywa hapo juu, waandike yapasayo kulindwa, na yale ya mapambo wayaweke mapana: rangi moja, basi. Waweza kutandika mikeka ya mpira isiyoteleza mahali watu wasimamapo muda mrefu, na kumbadilisha mtu kati ya kazi ya kusimama na ile ya kuandika. Zaidi ya yote waweza kuondoa ile dhana ya kale ya kuwa muuguzi aonekanaye ameketi ni mvivu. Kujaza karatasi za mgonjwa kwa kuketi hakuzifanyi ziwe mbaya.

Tena katika jambo la kuketi sheria ya nchi imekwisha kusema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwenye mahali pa kazi aweke mahali pa kufaa pa kuketi kwa wale wafanyao kazi wima, wapate kupumzika nafasi inapopatikana. Humtaka pia awape mavazi ya kujikinga, na viatu inapohitajika, wale wanaokutana na majimaji au vitu vya kudhuru kazini. Na mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wakubwa na wa wafanyakazi. Katika hospitali nyingi kamati hiyo hukutana kuzungumza juu ya moto, sindano na takataka. Hakuna kinachoizuia kuweka katika ajenda ya mkutano ujao neno moja la viatu, na kumwita muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aje aeleze, akiwa ameketi.